Mtoto kanyamaza, lakini anasikia: mwezi wa kwanza katika chekechea ya Kifaransa

Kila Septemba ikielekea ukingoni naambiwa maneno yale yale, langoni, kwenye simu, na siku hizi hata kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: "Mwalimu, mwezi umekwisha na mtoto hasemi Kifaransa. Hajifunzi kitu." Mwaka huu wazazi wameanza kupeana na dawa: Kiswahili kikomeshwe nyumbani. Hilo siwezi kulipita kimya.

Nafundisha petite section, yaani darasa la kwanza la chekechea ya Kifaransa, hapa Kampala. Wanafunzi wangu wana miaka 3, wachache wanakaribia 4. Wengi wametoka familia za Kikongo na Kirundi ambazo Kiswahili ndiyo lugha ya sebuleni. Wengine ni watoto wa Kiganda. Kifaransa wanakikuta kwangu.

Siku za mwanzo ni kilio, na anayetarajia zaidi hajawahi kumwacha mtoto wa miaka 3 mlangoni mwa mgeni. Kilio kikipungua, kazi yangu ni kurudia. Kila asubuhi mambo huenda kwa mpangilio mmoja: tundika begi, bandika picha yako ubaoni kuonyesha umefika, kaa kwenye zulia, tuitane majina, tutazame nje hali ya hewa. Sentensi ni zile zile, kwa sauti ile ile, na mkono wangu ukionyesha kitu kile kile. Vifaa vinavyotoka Ufaransa vina Septemba ya majani yanayopukutika. Septemba yetu ni mvua zinazorudi, kwa hiyo "il pleut", mvua inanyesha, inaingia akilini mapema sana, maana inagonga mabati huku naisema. Ndege wetu wa kwanza ni kalooli, yule korongo mkubwa wa majalalani anayesimama juu ya paa. Majani makavu ya mti ambao hakuna mtoto aliyeuona siyabandiki ukutani.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa. Wazazi wanapima kwa mdomo. Mtoto akifika nyumbani akaimba un, deux, trois hadi dix, moja hadi kumi, shangwe, video, shangazi anatumiwa. Asiyeimba anaonekana yuko nyuma. Njooni basi darasani mtazame vizibo vya soda. Namwambia mwimbaji wangu hodari, "Donne-moi trois bouchons," nipe vizibo vitatu. Anachota kiganja kizima, vizibo saba au nane, ananikabidhi kwa furaha. Yule aliyenyamaza mwezi mzima, nikimwambia maneno hayo hayo, ananiwekea mkononi kimoja, kingine, kingine, anasimama. Nikimwomba viwili, analeta viwili. Nani kati yao ameelewa neno trois? Kuimba namba ni wimbo, tena wimbo mzuri, nami nawaimbisha kila siku. Lakini kujua kwamba neno la mwisho ulilolitaja ndilo linabeba idadi ya vyote ulivyohesabu ni jambo jingine kabisa, na watoto wengi wa miaka 3 bado wanalijenga. Ndiyo maana mwaka huu mzima nakazia idadi ndogo, hadi tatu, kwa vidole, kwa nukta za dadu, kwa vizibo. Kumi itangoja.

Tena yule mnyamavu hakuanza na sifuri. Tatu anaijua kwa Kiswahili. Mama yake alimfundisha bila kujua anafundisha, aliposema mpe dada mandazi mawili, baki na moja. Kwangu alichohitaji ni jina jipya la kitu anachokimiliki tayari. Mkimnyang'anya Kiswahili nyumbani mkampa Kifaransa cha kubahatisha, mnaondoa msingi ninaoujengea. Ongeeni naye lugha mnayoijua vizuri, ile mnayoweza kumtania, kumkemea, kumsimulia na kumweleza kwa nini mwezi unatufuata. Akija na hayo yote, Kifaransa kina pa kushika. Mtaala wa Uganda wenyewe, tangu 2007, unaagiza lugha ya eneo itumike kufundishia kuanzia P1 hadi P3, darasa la kwanza hadi la tatu la msingi, na P4 iwe mwaka wa kuhamia Kiingereza, ingawa hapa mjini shule nyingi huanza na Kiingereza tangu bebi klasi, darasa la kwanza la chekechea za hapa.

Na hapo kwenye bebi klasi ndipo vita vingine vinapoanzia. Mtoto wa jirani ana daftari limejaa a, a, a na kazi za nyumbani. Wetu anarudi na shati lenye rangi. Katika mfumo wa Kifaransa kusoma kunafundishwa rasmi katika CP, darasa la kwanza la msingi, mtoto akiwa na miaka 6. Kabla ya hapo yako maandalizi: kusikia, kusema, kushika kalamu, kukata neno kwa makofi, kofi moja kwa kila silabi. Ufaransa imefanya masomo kuwa ya lazima kuanzia miaka 3 tangu 2019, lakini hiyo haina maana kwamba wa miaka 3 wanaandika imla.

Hayo makofi nayo yana mambo yake. Ma-nda-zi, makofi matatu, kila mtoto anapatia. Ikija banane, Kifaransa tunachokisema darasani kinataka mawili, lakini mtoto wa Kiswahili anapiga matatu, kwa sababu sikio lake linangoja irabu mwishoni. Kwa hiyo sac inakuwa saki. Ile u ya lune inahitaji midomo ya "u" na ulimi wa "i", nasi tunaicheza mbele ya kioo. Simsahihishi mtoto kwa kumkatiza. Nalirudia neno ndani ya jibu langu, naendelea.

Mashaka ninayo, na vitabu vya ualimu huyapitia haraka. Si kila mtoto hupita kipindi cha kimya. Wapo wanaoropoka siku ya pili. Na kwa nje, mtoto anayesikiliza na mtoto aliyekata tamaa wanafanana sana. Namtazama macho: akinifuata ninapoenda kabatini, akicheka hadithi inapofika pale pa kuchekesha, akiinuka kabla ya wenzake nikisema tunatoka nje, niko tayari kungoja. Asipofanya hata kimoja, nawaita wazazi na kuwauliza anavyoongea nyumbani. Akiongea sana kwa Kiswahili, tunangoja pamoja. Akiwa kimya na huko pia, au hageuki akiitwa kutoka nyuma, nawaomba wampeleke kwa daktari wa masikio, maana uambukizi wa sikio unaweza kumfanya mtoto asisikie vizuri bila yeyote kugundua. Jambo lisiloniishia kichwani ni ningoje kiasi gani. Mwalimu mwenzangu anawachokoza wanyamavu mapema, kwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Mimi nasubiri zaidi. Sina hakika nani kati yetu yuko sahihi kwa kila mtoto.

Maneno ya kwanza yakitoka, mara nyingi ni ya kudai: encore (tena), à moi (changu), fini (nimemaliza). Yanatoka kwenye bembea au wakati wa ndizi na chapati, mara chache mbele yangu kwenye zulia. Kwa hiyo, tafadhali, msimsimamishe mtoto mbele ya wageni mkamwambia "sema Kifaransa tusikie". Mkitaka kujua alipofika, niulizeni kama anafuata maagizo bila mimi kuonyesha kwa mkono, na kama ameanza kucheza na wenzake wasioongea lugha yake. Au njooni asubuhi moja mkae nyuma ya darasa, kimya, mpaka saa ya kula. Vizibo vya soda vitakuwa mezani.