Jiko kubwa haliongezi joto la woti, hasa huku kwetu Mbeya

Naandika hii kwa sababu nimechoka kurudia. Kila anayetaka kuanza kupika bia nyumbani anauliza jiko gani la gesi lina moto mkali kuliko yote, eti ili woti, yaani yale maji matamu ya kimea yanayochemshwa kabla hayajawa bia, ichemke kwa joto kubwa zaidi. Juzi tena kaka mmoja wa Mwanjelwa keshamlipa fundi amchomelee jiko la kutisha, na sababu yake ni hiyo hiyo.

Jamani, woti ikichemka imechemka. Ongeza moto utakavyo, unachoongeza ni mvuke na gharama ya gesi, joto halisogei. Na huku kwetu lenyewe halifiki hata 100! Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi 1, kwa hiyo sisi tunachemshia kwenye 94 na kitu, Njombe 93 na kitu, ukiteremka Kyela unakuta 98. Mama yeyote aliyehama Kyela kwenda Njombe anajua maharage yanavyogoma kuiva kule, na hakuna kuni za kuyalazimisha.

Sasa hapa ndipo watu wanapitia haraka wakati ndipo penyewe. Uchungu wa hopsi, yale maua makavu yanayotiwa kwenye bia, hautoki kwa kuziloweka tu, lazima asidi zake zibadilike kwa joto, na mabadiliko hayo yanategemea sana nyuzi ngapi unazo. Kati ya 100 na 94 kasi inapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Maana yake resipe iliyoandikwa na mtu wa pwani, dakika 60, ukiifuata ilivyo hapa Mbeya bia inatoka tamu tamu halafu unalaumu hopsi kwamba zimechakaa. Dawa yake ni muda au hopsi zaidi, wala si moto. Mimi nachemsha dakika 90, na bia nyepesi ya kimea cheupe silegezi hapo, kwa sababu ile harufu ya mahindi ya kuchemsha nayo inahitaji muda mrefu zaidi kuondoka joto likiwa chini, na sufuria iwe wazi, ukifunika mvuke unarudi na harufu yake yote. Ila niseme ukweli, kwa bia nyeusi hizo dakika 90 zinanipa mashaka. Kimea kilichokaangwa sana hakina tatizo la harufu hiyo kama kile cheupe, na dakika 30 za ziada ni gesi inayoungua bure, kwa hiyo siku nyingine naishia 75 na kuongeza hopsi kidogo. Vitabu vinaandika namba moja kana kwamba dunia nzima iko ufukweni.

Turudi kwenye jiko. Kwa lita 20 za bia unaanza na woti lita 26 mpaka 30. Plate ya gesi ya kawaida ya jikoni, kilowati 2 na nusu hivi, ikipandisha lita 30 kutoka nyuzi 20 utakaa zaidi ya saa mbili na nusu kama haitakwama njiani. Jiko la kilowati 10, hata ukihesabu kwamba zaidi ya nusu ya moto unapotelea pembeni, linamaliza kwa dakika 40 hivi. La 20 litakuokolea kama dakika 20 tu, baada ya hapo unalipunguza maana kushikilia mchemko hakuhitaji nguvu hiyo. Kwa hiyo dukani usiangalie linavyonguruma likifunguliwa lote, angalia likipunguzwa linatulia au linazima zima. Na liwe na kile kisahani cha kurekebisha hewa, huku juu hewa ni nyepesi, jiko lililosetiwa Dar linaweza kuwaka njano na kupaka sufuria masizi. Fungua hewa mpaka moto uwe wa bluu.

Halafu mtungi, ambao hakuna anayeufikiria. Kilowati 20 zinakula zaidi ya kilo moja na nusu kwa saa. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, ili igeuke hewa inanyonya joto la mtungi wenyewe, na mtungi wa kilo 6 ni mdogo, unapoa haraka, unatoa jasho, mwisho barafu. Asubuhi ya Juni pale Uyole au Makambako ndiyo balaa kabisa, propani inatangulia kutoka, butani inayobaki inagoma kuwa gesi ikikaribia nyuzi sifuri, basi moto unanywea ukiwa katikati ya mchemko na mtu anaanza kutikisa mtungi au kuulaza. USILAZE MTUNGI, kimiminika kitaingia kwenye regulata na mpira. Chukua wa kilo 15. Na regulata ile ya jikoni ya milibari 30 haiwezi jiko kubwa, uliza ya presha kubwa na mpira unaoendana nayo. Pikia nje, gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani inalala sakafuni. Upepo kinga kwa bati upande mmoja tu, usizungushie pande zote ukaufungia na mtungi humo ndani.

Sufuria ni rahisi. Alumini ile ya shughuli, lita 40, nene chini, inatosha kabisa na inasambaza joto vizuri kuliko stenlesi nyembamba inayounguza sukari sehemu moja. Haitii sumu kwenye bia. Chemsha maji matupu kwanza mpaka ndani ifanye rangi ya kijivu, na rangi hiyo usiisugue na steel wire wala kuosha kwa magadi makali, ndiyo ngozi inayoikinga. Usinunue ndogo zaidi kwa kubana hela, povu la mwanzo litafoka na kuzima jiko huku gesi inaendelea kutoka.

Yule kaka wa Mwanjelwa jiko lake linafaa, nimemwambia abadilishe mtungi, na fundi apanue miguu. Lita 30 za woti na sufuria yake ni zaidi ya kilo 30 zinazochemka, na ile stendi niliyoiona ni nyembamba mno.