Origen hakufundisha kwamba tunazaliwa tena na tena

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila mwaka. Unadai kwamba Biblia ya kwanza ilifundisha roho za wafu kuhamia miili mipya, kwamba Origen, mwanateolojia wa Alexandria, alilitetea fundisho hilo, na kwamba Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ukalifuta.

Si kweli. Origen alizaliwa Misri karibu mwaka 185, akafa yapata miaka 70 kabla ya mtaguso huo. Maaskofu wa Nikea walijadili hasa mafundisho ya kasisi Arius kuhusu Yesu, na tarehe ya Pasaka. Kanuni zao 20 zipo hadi leo, zinasomeka. Hakuna hata moja inayogusa vitabu vya Biblia wala roho kuhamia miili mipya. Tena zipo nakala za mafunjo za Injili zilizoandikwa kabla ya 325, nazo hazina fundisho hilo.

Origen mwenyewe alilikataa waziwazi. Akifafanua Injili ya Mathayo, anasema Yohana Mbatizaji hakuwa na nafsi ya Eliya, bali alikuja katika roho na nguvu yake.

Watu huchanganya kwa sababu aliwahi kuwaza kwamba nafsi zilikuwepo kabla ya miili. Wazo hilo ndilo lililolaaniwa karne ya 6, huko Konstantinopoli. Ni jambo tofauti kabisa.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mtumie maelezo haya yule aliyekuletea ujumbe huo.