Meli ya hospitali ikirudi Freetown: yanayosemwa na yaliyopo

Global Mercy, meli ya hospitali ya shirika la Mercy Ships, ilifunga gatini Freetown, Sierra Leone, Agosti 2023, ikarudi tena 2024. Kila inaporudi, watu hujiuliza kama na wao wanaweza kwenda kujitolea, na wengi hukata tamaa mapema kwa sababu ya mambo waliyoyasikia tu. Ningependa tuyapitie.

"Ni kazi ya madaktari na wauguzi."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inawafungia mlango watu wanaohitajika sana. Meli ina urefu wa mita 174, sitaha 12, vyumba 6 vya upasuaji, vitanda vya wagonjwa takriban 200 na nafasi ya kulala wahudumu zaidi ya 600. Watu wote hao lazima wale, wafuliwe na wapate maji safi, na umeme unaowasha taa za chumba cha upasuaji ni lazima usikatike hata dakika moja. Ndiyo maana mafundi mitambo, mafundi umeme, mabaharia, wapishi, wahasibu na wasafishaji hawana uchache wa kazi. Kuna hata walimu, maana wahudumu wa muda mrefu huja na familia zao na shule imo humohumo melini.

Tena wahudumu wenyewe ndio benki ya damu. Makundi yao ya damu yanajulikana, na mgonjwa wa uvimbe mkubwa wa taya akianza kupoteza damu nyingi, anayeitwa anaweza kuwa mpishi aliyekuwa akimenya viazi. Ananawa mikono, anakwenda kutoa, na muda si mrefu damu ile, ingali na joto, inaingia kwenye mshipa wa mtu aliyelala sitaha chache chini ya jiko lake.

"Meli inazunguka bandari kwa bandari."

Anayeijua Jubilee Hope, meli ya matibabu inayozungukia visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Mwanza, hudhani hii nayo ni vivyo hivyo. Sivyo. Global Mercy hukaa gatini kwa miezi mingi mfululizo, kisha huondoka kwa matengenezo. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kurekebisha mifupa hawezi kuachwa nyuma plasta ikiwa mbichi. Anayejitolea kwa hamu ya kusafiri baharini ataona zaidi makontena na winchi.

"Mgonjwa yeyote akifika hutibiwa."

Ukweli hapa ni mgumu. Meli inafanya upasuaji wa kupangwa: mtoto wa jicho, henia, goita, mdomo sungura, matege ya watoto, makovu ya moto yaliyokunja kiwiko kisinyooke, uvimbe wa uso na shingo. Mgonjwa wa dini yoyote anapokelewa, ingawa shirika lenyewe ni la Kikristo. Lakini saratani iliyokwisha kusambaa inahitaji matibabu ya muda mrefu ambayo upasuaji peke yake hauwezi kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo mahali pa kuchagua wagonjwa, mtu aliyesafiri siku mbili kutoka bara anaweza kuambiwa hapana, na anayemwambia ni muuguzi wa kujitolea kupitia kwa mkalimani. Ukijiandaa kwa furaha ya siku ya kufungua bandeji ya jicho peke yake, utaumia. Furaha hiyo ipo kweli: bibi aliyeletwa ameshikwa mkono anamtazama mjukuu wake usoni na kumpapasa shavu. Ila yote mawili yamo katika zamu moja.

"Mlipuko wa ugonjwa ukitokea, meli ndiyo hukimbilia."

Hapana. Watu waliobanana ndani ya meli ni hatari ugonjwa wa kuambukiza ukiingia. Ebola ilipoenea Afrika Magharibi mwaka 2014, Africa Mercy, meli dada iliyokuwa iende Benin, ilipelekwa Madagaska. Machi 2020, kwa sababu ya korona, iliondoka Dakar, Senegali, kabla ya kumaliza kazi. Ilirudi 2022, na miongoni mwa waliohudumiwa walikuwamo wagonjwa waliokuwa wakisubiri tangu ilipoondoka. Kwangu mimi, kurudi kule kunaonyesha shirika hili lilivyo kuliko picha yoyote ya matangazo.

"Wenyeji hupokea tu, wageni hutoa."

Ingia wodini Freetown uone nani anazungumza na mgonjwa: ni vijana wa Sierra Leone, kwa Kikrio, Kimende na Kitemne, na hao ni waajiriwa wanaolipwa. Madaktari wa upasuaji na wataalamu wa usingizi wa nchini pia hupata mafunzo bega kwa bega na wa melini. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2015 ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoweza kuumudu. Hakuna meli itakayoziba pengo hilo. Mafunzo hayo ya wataalamu wa nchini yanahitaji muda, na ndiyo maana kurudi bandari ileile ni bora kuliko kukimbilia mpya kila mwaka.

"Ni likizo ya bure ya wiki mbili."

Hakuna mshahara. Wengi hujitafutia nauli na bima, mara nyingi kwa kuchangisha kwa ndugu, marafiki na kanisani. Madaktari bingwa wengine huja kwa wiki chache, lakini kazi nyingi zisizo za kitabibu huhitaji miezi. Dk. Gary Parker, mpasuaji wa uso na taya, alijiunga miaka ya 1980 na kukaa miongo kadhaa.

Kwa anayetaka kuomba akiwa Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu: lugha ya kazi melini ni Kiingereza, leseni ya taaluma iwe hai, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano utakihitaji kuingia Sierra Leone. Uliza gharama zote kabla hujaomba ruhusa kazini.