Kanieneo ya upepo juu ya paa si mgandamizo

Kanieneo ya upepo ni kiasi cha kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ambayo upepo unaitia kwenye kila mita ya mraba ya jengo. Mraba wa kasi ya upepo, kwa mita kwa sekunde, huzidishwa kwa 0.613, na jibu huwa niutoni (kizio cha kani) kwa mita ya mraba. Kisha huzidishwa tena kwa kipimo kinachotegemea umbo la jengo na sehemu ya paa inayohusika. Kasi ikiwa mita 30 kwa sekunde, hesabu ya kwanza hutoa niutoni 552, na kasi ikiongezeka maradufu, kanieneo huongezeka mara nne.

Linalonisumbua ni jina. Kwenye saiti za Mtwara na Lindi huitwa "mgandamizo wa upepo", na juzi nimelisikia tena kwa fundi ninayemheshimu sana, aliyekuwa akiezeka ghala la korosho lenye mlango mpana unaoelekea baharini. Alinionyesha kenchi nene, yaani fremu zinazobeba paa, akasema kwamba mgandamizo hautaziweza. Kenchi hizo zilikuwa zimefungwa ukutani kwa waya mwembamba.

Kugandamiza kumetokana na kuganda na kugandama, yaani kushikamana; anayegandamiza hukisukuma kitu hadi kishikamane na kilicho chini yake. Mwelekeo umo ndani ya neno lenyewe. Watabiri wa hali ya hewa hawakosei wanaposema mgandamizo wa hewa, kwa kuwa hewa kweli imetulemea sote. Kanieneo, kwa upande wake, ni kani na eneo zilizounganishwa, na haisemi kama kitu kinasukumwa au kinavutwa. Ndiyo maana naipenda.

Paa lenye mwinamo mdogo, kwa sehemu kubwa, huvutwa. Kusi inapofika kwenye ukingo wa bati haiwezi kuufuata uso wake; huachana nao, na kanieneo ya juu ya bati hushuka chini ya ile iliyo ndani ya jengo. Huo ni mnyonyo, na katika hesabu huandikwa kwa alama ya kutoa. Mlango wa upande wa upepo ukiwa wazi, hewa hujaa ndani na kulisukuma bati kutoka chini, hivyo kani mbili hukutana zikielekea juu. Mita ya mraba ya bati la geji 28 haifiki kilo 5, ilhali niutoni 552 ni sawa na uzito wa kilo 56 hivi. Na hii ni pwani ambayo kimbunga cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi yenyewe.

Nilimwambia fundi kwamba kenchi zake ni nzuri na asizibadilishe. Nilimwomba azifunge kwa nondo zilizozamishwa ndani ya lenta, ile boriti ya zege ya ukutani, aongeze misumari kingoni na pembeni ambako mnyonyo ni mkali zaidi, na neno kanieneo likiwa zito mdomoni, basi aseme mnyonyo.