Waridi Jekundu la Mwambani: Koa wa Bahari Anavyoumbika

Mvuvi wa pweza au mzamiaji huweza kukuta mwambani kitu chekundu, laini, kilichojikunja kama waridi. Wengi hudhani ni mwani. Ni utepe wa mayai ya koa wa bahari, jamaa ya konokono, na huyu wa waridi jekundu ni Hexabranchus sanguineus, anayeishi kuanzia Bahari ya Shamu na mwambao wetu hadi Pasifiki. Kila koa ana jinsia zote mbili, kwa hiyo wawili wakipandana, wote wawili hutaga.

Tafadhali usiubandue utepe huo. Mama hakai kuulinda. Ameupaka sumu aliyoipata kwa kula sifongo, wanyama wa baharini walioshikamana na mwamba, na ulinzi wake ndio huo.

Ndani ya ute, yai hugawanyika seli 2, kisha 4. Seli zinapofika 8, zile 4 ndogo za juu hazikai wima juu ya zenzao: husogea upande kidogo, kila moja ikatulia kwenye mfereji ulio kati ya seli mbili za chini. Mpangilio huu wa kuzunguka ni wa ukoo mzima wa konokono. Baadaye vinyweleo huota, na ukitazama kwa hadubini utaviona viumbe vikizunguka ndani ya vifuko vyao. Mimi hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Kisha linatokea jambo ambalo anayemjua koa mzima, asiye na gamba, hatalitarajia: kiluwiluwi, yaani koa mchanga, anaota gamba! Ana pia kifuniko cha kulifunga, na mapezi mawili yenye vinyweleo vya kuogelea. Mwili nao hujipinda kama wa konokono, kisha ukubwani hujinyoosha tena. Safari hii huchukua siku chache au wiki kadhaa; maji ya baridi huirefusha.

Akianguliwa, kiluwiluwi wa aina nyingi huelea na mikondo akila vijimea vya majini. Hatulii popote tu. Utafiti uliofanywa Hawaii juu ya koa aitwaye Phestilla, anayekula matumbawe ya Porites, ulionyesha kwamba kiluwiluwi hungoja kemikali itokayo kwenye matumbawe hayo. Akiipata hushuka, hupoteza mapezi yake, huliacha gamba, na kuanza kutambaa juu ya chakula chake.