Meninjioma ya ndani ya ubongo: daktari anapitia wapi?

Mama mkubwa wangu aliuza omena sokoni Kibuye kwa miaka mingi. Siku moja mteja alimrudishia mkebe mzima akisema omena imeoza. Mama alijaza kiganja, akakileta puani, akanusa mara mbili. "Mbona mimi sisikii harufu yoyote?" Miezi ikapita, macho nayo yakaanza kufifia. Alibadilishiwa miwani mara mbili kabla ya mtu yeyote kumwambia apige picha ya kichwa. Picha ikaonyesha meninjioma, uvimbe wa tando za ubongo, na daktari akaongeza neno lililotukosesha usingizi: "Mama, hii iko ndani."

Sisi tulielewa kwamba ubongo utapasuliwa katikati kama tikiti ili uvimbe ufikiwe. Sivyo kabisa, na naandika ili familia nyingine isikeshe na picha hiyo.

Meninjioma haioti kwenye ubongo wenyewe. Inatokana na seli za araknoidi, utando mwembamba unaoufunika ubongo, kisha inashika mzizi kwenye dura, ule utando mgumu uliogusana na fuvu. Daktari Harvey Cushing wa Marekani ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1922. Nyingi si saratani. Hukua polepole, miaka na miaka, zikiusukuma ubongo bila kuuvamia, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Ikiota chini ya utosi, daktari akifungua fuvu anakutana nayo hapo hapo. Lakini tando hizo zimetandazwa pia sakafuni mwa fuvu: juu ya pua, nyuma ya macho, karibu na shina la ubongo. Uvimbe ukiota huko, ubongo unakuwa umeufunika kwa juu. Hiyo ndiyo maana ya "ndani".

Sasa njia. Aliyekulia Vihiga au Kakamega anajua kwamba hukati katikati ya mahindi ya mtu. Unafuata mpaka wa shamba, hata kama ni kuzunguka. Ubongo nao una mipaka yake: mfereji ulio kando, usawa wa panja, ufa unaotenga nusu ya kulia na ya kushoto, nafasi iliyo nyuma ya sikio, kati ya mfupa na ubongo mdogo. Daktari hupita humo. Huyatoa maji ya ubongo taratibu, ubongo ukalegea, na mpaka ukafunguka wenyewe. Pakiwa bado pembamba, kinachopunguzwa ni mfupa. Ukingo wa juu wa jicho au mfupa wa nyuma ya sikio husagwa kwa drili ndogo, ili daktari atazame kutoka chini badala ya kuuinua ubongo. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kutuliza moyo kuliko yote: mfupa hurudishwa au kuzibwa, lakini ubongo uliobanwa kwa nguvu huumia.

Kwa hiyo njia huamuliwa na mahali mzizi ulipo. Uvimbe wa nyuma ya jicho kwa kawaida hufikiwa kupitia panja, ule wa kando ya shina la ubongo kupitia nyuma ya sikio. Ule wa juu ya pua, kama wa mama, hufikiwa kupitia paji. Baadhi hutolewa kupitia pua yenyewe, kwa kamera nyembamba. Uzuri wa njia ya pua ni kwamba ubongo hauguswi, na damu inayolisha uvimbe hukatwa mapema kwa kuwa inatoka chini. Ubaya wake ni tundu linalobaki: lisipozibwa vizuri, maji ya ubongo huvuja puani na vijidudu huweza kupanda hadi kwenye tando.

Mama alipasuliwa Eldoret. Alikuwa na swali moja tu: uso wangu utakatwa? Daktari akamwonyesha kwa kidole, toka sikio hadi sikio, nyuma ya mstari wa nywele. Leo kitambaa cha kichwa kinalifunika kovu lote.

Uvimbe wenyewe haung'olewi kama muhogo. Kwanza damu yake hukatwa. Kisha, chini ya darubini, unakombwa kutoka katikati, mara nyingi kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachousaga na kuunyonya, hadi ganda lililobaki linyong'onyee na kubanduliwa polepole kwenye neva na mishipa.

Mwaka 1957 daktari Donald Simpson aligawa upasuaji huu katika madaraja matano: kadiri uvimbe, mzizi wake na mfupa ulioguswa vinavyotolewa vyote, ndivyo hatari ya kurudi inavyopungua. Hata hivyo, uvimbe ukiwa umekumbatia mshipa mkuu wa damu au neva za macho, daktari mzuri huacha kipande kwa makusudi, kisha hukifuatilia kwa picha za MRI au kukilenga kwa mionzi. Nimesikia familia zikiita hilo uzembe, na inaniuma, kwa sababu kukiacha kipande hicho mara nyingi ndiko kulikookoa jicho la mtu. Ulizeni kabla ya siku ya upasuaji: mtapitia wapi, na ni wapi mtaona heri kuacha?

Macho ya mama yalirudi kiasi cha kuhesabu noti bila miwani. Harufu haikurudi. Siku hizi akienda kununua omena ya jumla huenda na mjukuu wake wa miaka tisa, na kabla hajatoa pesa humwinulia kiganja: "Hebu ninusie."