Kikokotoo: namba tatu zinazoamua mafao ya mstaafu

Kikokotoo ni kanuni ya hesabu inayoamua mtumishi akistaafu apewe kiasi gani kwa mara moja, yaani mkupuo, na kiasi gani kiwe pensheni yake ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha. Neno lenyewe limetokana na kukokotoa, na kwa muda mrefu wengi walilijua kama kimashine cha kupigia hesabu. Lakini tangu mwaka 2018, ukilitamka Tanzania mbele ya mwalimu au muuguzi, anajua unazungumzia uzee wake.

Mwaka huo sheria mpya iliunganisha mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, ulioanza Agosti 1. Mfuko mwingine, NSSF, ukabaki na sekta binafsi. Kila mfuko ulikuja na hesabu yake. Waliokuwa PSPF na LAPF walizoea mkupuo wa asilimia 50, wa PPF na NSSF asilimia 25. Kanuni za 2018 zilitaka wote washuke hadi 25, wafanyakazi wakapiga kelele, na Desemba 28 mwaka huo huo Rais Magufuli akawaita viongozi wao Ikulu na kuagiza hesabu za zamani ziendelee hadi 2023. Kabla muda huo haujaisha, Julai 1, 2022 kikaanza kikokotoo kimoja kwa wote: mkupuo asilimia 33. Malalamiko hayakukoma. Juni 2024, kwenye hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alitangaza kwamba waliozoea 50 watapata 40, na waliozoea 25 watapata 35.

Asilimia ndiyo iliyobebwa kwenye mabango ya Mei Mosi. Kwa maoni yangu imebeba mjadala kupita kiasi, kwa sababu kikokotoo kina namba nyingine mbili, nazo ndizo zilizowauma zaidi waliokuwa PSPF na LAPF.

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alianza kazi mwaka 2000 na atastaafu kwa lazima, akiwa na miaka 60, mwaka 2030. Jioni moja tuliketi barazani kwake na daftari la mazoezi, tukapiga hesabu nyuma ya jalada. Tuliuchukua mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Sasa hivi kinachotumika ni wastani wa miaka mitatu yenye mishahara bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Utumishi tukauweka miezi 360.

Namba ya kwanza ni 580. Mshahara wa mwaka unazidishwa kwa miezi ya utumishi, kisha unagawanywa kwa 580: tukapata 8,937,931. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Kwa hesabu ya zamani ya PSPF na LAPF kigawanyo kilikuwa 540, na jibu lingekuwa 9,600,000. Hata kabla ya kugusa asilimia, pensheni imeshapungua kwa zaidi ya shilingi laki sita na nusu kwa mwaka.

Kisha inakuja asilimia: 40 ya pensheni hiyo inakatwa ili igeuzwe mkupuo, na 60 inayobaki inagawanywa kwa 12 kuwa pensheni ya mwezi. Kwake yeye ni shilingi 446,897.

Namba ya tatu ni 12.5. Ile sehemu iliyokatwa inazidishwa kwa 12.5 na kuwa mkupuo: shilingi 44,689,655. Zamani ilizidishwa kwa 15.5. Nusu ya 9,600,000 mara 15.5 ni 74,400,000, na bado angebaki na pensheni ya 400,000 kila mwezi. Mwalimu aliitazama ile namba kimya, akairudia kuijumlisha kwa mkono wake.

Hii 12.5 ni miaka. Mfuko unakwambia: niachie shilingi moja ya pensheni ya kila mwaka, nikupe leo shilingi kumi na mbili na nusu. Kutoka 33 kwenda 40, mkupuo wake unaongezeka kwa 7,820,690 na pensheni inapungua kwa 52,138 kila mwezi. Gawanya, utapata miezi 150, miaka kumi na miwili na nusu. Akivuka umri wa miaka 72 na miezi sita, nyongeza aliyoishangilia 2024 atakuwa ameilipa yote, na makato yanaendelea. Simwambii aikatae, ana nyumba iliyoishia kwenye lenta, na bati hazinunuliwi kwa pensheni ya mwezi. Ila ajue anachonunua.

Serikali inasema mifuko isingehimili hesabu ya zamani. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina historia pia. Watumishi walioingia serikalini kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia, na PSPF ikaachiwa mzigo wa kuwalipa. Deni hilo ndilo lililofanya Serikali itoe hatifungani maalumu, yaani hati ya ahadi ya kulipa deni, ya shilingi trilioni 2.17 mwaka 2021. Sehemu ya upungufu haikuletwa na wastaafu kuishi sana.

Wanaochangia kwa chini ya miezi 180 hawaingii kwenye hesabu hii ya pensheni.

Tulipomaliza, mwalimu alitoa taarifa yake ya michango tuilinganishe na miezi 360. Miezi minne ya mwaka wake wa kwanza kazini haimo. Miezi minne kwa hesabu ya leo ni mkupuo pungufu wa 496,552 na pensheni pungufu ya 4,966 kila mwezi. Tangu Jumatatu anatafuta barua yake ya ajira na hati za mishahara za mwaka 2000, na sanduku la marehemu mama yake bado hajalifungua.